Kesi ya ugaidi Marekani: Washington au jimbo?

Tarehe 14 Mei 2022 kijana wa miaka 18 aliwapiga risasi na kuwaua watu 10, wote weusi, kwenye supamaketi ya Tops mjini Buffalo, New York. Novemba mwaka huo huo alikiri mashtaka mbele ya mahakama ya jimbo, likiwemo la ugaidi wa ndani uliochochewa na chuki. Serikali kuu nayo ikamfungulia kesi yake kwa tukio lile lile. Mashtaka 27, na la ugaidi halimo hata moja. Yote ni ya chuki na ya silaha.

Kila likitokea jambo kama hili, mitandaoni kunawaka: mzungu akiua haitwi gaidi. Malalamiko hayo yana msingi, na nitaonyesha ulipo. Lakini kabla ya hapo kuna suala la kisheria ambalo wengi hawalijui: Marekani ina mifumo miwili ya jinai inayokwenda sambamba, ule wa serikali kuu, yaani Washington, na ule wa majimbo, na kila mmoja una namna yake ya kulishika neno ugaidi. Nimeilinganisha hapa kwa ajili ya mwanafunzi wa sheria anayetafuta mada, mwandishi wa habari anayeandika kichwa cha habari huku mhariri amemsimamia, na yeyote anayejadili sheria ya ugaidi ya nchi yake ifuate mkondo gani.

Washington: maana ipo, kosa halipo

Kifungu cha 2331, katika sehemu ya 18 ya sheria za Marekani, kinaeleza ugaidi wa kimataifa na, tangu Sheria ya Patriot ya 2001, ugaidi wa ndani. Vigezo ni karibu vile vile. Kiwe kitendo cha hatari kwa maisha ya watu, kiwe kinavunja sheria ya jinai ya nchi au ya jimbo, na kionekane kulenga kuwatisha raia, au kuibana serikali kwa vitisho, au kuiyumbisha kwa maangamizi makubwa, mauaji ya kupanga au utekaji. Kinachotofautisha hizo aina mbili ni mahali tu, ndani ya mipaka au nje yake.

Ukisoma kifungu hicho mpaka mwisho hutakuta adhabu ya ugaidi wa ndani. Maana hiyo inawasaidia wapelelezi na inatumika katika sheria nyingine, lakini hakuna mtu anayeweza kusimamishwa kizimbani kwa "kosa la ugaidi wa ndani" chini ya sheria ya serikali kuu, kwa sababu Bunge la Marekani halijalitunga. Mwendesha mashtaka wa Washington inabidi atafute kosa jingine: vilipuzi, silaha za maangamizi, kumuua mtumishi wa serikali kuu, chuki, bunduki. Mwaka 2015 Dylann Roof aliwaua waumini tisa weusi kanisani Charleston, akisema wazi kwamba anataka kuchochea vita vya rangi. Alihukumiwa kifo mwaka 2017 kwa mashtaka 33, na kati ya hayo ugaidi haukuwemo.

Maana ya pili iko kwenye kifungu cha 2332b, nayo ni nyembamba zaidi. Kosa linahesabiwa kuwa la kigaidi iwapo limo kwenye orodha ndefu iliyotajwa humo, na pia limekusudiwa kuishinikiza serikali au kuilipizia kisasi. Hapa serikali lazima iwe ndani ya nia ya mhalifu. Anayewaua wateja dukani kwa sababu ya rangi yao, bila kuidai serikali chochote, anaingia kwa urahisi kwenye maana ya kwanza na anaweza kukwama kabisa kwenye ya pili.

Maana hii ya pili inauma wakati wa hukumu. Mwongozo wa adhabu unampa jaji ngazi 12 za ziada za uzito wa kosa, na mtu ambaye hajawahi kushtakiwa hata kwa kuiba kuku anahesabiwa kama mhalifu sugu. Stewart Rhodes, kiongozi wa kikundi cha wanamgambo wa Kimarekani cha Oath Keepers, hakushtakiwa kwa ugaidi. Alitiwa hatiani kwa njama ya uasi baada ya uvamizi wa Bunge wa Januari 2021. Hata hivyo mwaka 2023 jaji alimwongezea adhabu kwa sababu ya ugaidi alipompa miaka 18, adhabu ambayo Rais Trump aliifupisha Januari 2025. Kwa hiyo neno ugaidi laweza kukosekana kwenye hati ya mashtaka, likaja kutokea siku ya hukumu.

Sasa turudi kwenye msingi wa malalamiko. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina orodha ya makundi ya kigaidi, na kwa mujibu wa sheria lazima kundi liwe la kigeni. Al-Shabaab imo tangu 2008. Anayelitumia fedha kundi la namna hiyo, au kuliendea kujiunga nalo, anaweza kufungwa mpaka miaka 20 chini ya kifungu cha 2339B, hata kama hakuna risasi iliyofyatuliwa. Mwaka 2010, katika shauri la Holder dhidi ya Humanitarian Law Project, Mahakama ya Juu ilisema hata kuwafundisha watu wa makundi hayo namna ya kutatua migogoro kwa amani kunaweza kuhesabika kama msaada. Wanamgambo wa Kimarekani wenye bunduki msituni hawana orodha ya namna hiyo. Uhuru wa kusema na wa kujumuika unawalinda, na tangu shauri la Brandenburg la 1969 hata kuhubiri vurugu si kosa, ila pale maneno yanapolenga kuzusha uvunjaji wa sheria papo hapo na yanaelekea kuuzusha kweli. Matokeo yake, kijana wa Kisomali wa Minneapolis anashtakiwa kwa tiketi ya ndege, na mwanamgambo wa Idaho anasubiriwa mpaka atende. Sheria haikutaja rangi wala dini, lakini mstari ulipochorwa unajulikana unawapitia akina nani.

Mpaka wa Washington: lazima kuwe na kiungo

Hata kosa linapokuwepo, serikali kuu haiwezi kujiingiza tu. Katiba iliyaachia majimbo kazi ya kawaida ya kulinda usalama na kuadhibu jinai. Washington inahitaji kiungo: mali yake, mtumishi wake, posta, mpaka wa nchi, au biashara baina ya majimbo. Kiungo hicho cha mwisho ndicho kinachobebeshwa mizigo mingi, na mara kwa mara kinakatika.

Kilikatika mwaka 1995 katika shauri la Lopez. Mwanafunzi wa San Antonio alikutwa na bastola shuleni, akashtakiwa kwa sheria ya serikali kuu. Majaji watano dhidi ya wanne walisema bastola shuleni si biashara baina ya majimbo. Bunge likairekebisha sheria, likadai bunduki iwe imepitia biashara ya namna hiyo. Kwa kuwa karibu kila bunduki imetengenezwa jimbo moja na kuuzwa jingine, tatizo likaisha kwa mstari mmoja wa maandishi.

Kilikatika tena mwaka 2000 katika shauri la Jones. Mtu alirusha chupa ya petroli inayowaka dirishani kwa binamu yake, Fort Wayne, Indiana. Waendesha mashtaka walidai nyumba ile inahusika na biashara baina ya majimbo kwa kuwa gesi yake, mkopo wake na bima yake vilitoka nje ya Indiana. Majaji wote tisa walikataa. Nyumba ya kuishi ni nyumba ya kuishi, na uchomaji wake ni kazi ya Indiana. Hebu fikiria chupa hiyo imerushwa kwa sababu za kisiasa. Kipengele kile cha uchomaji moto bado kisingeifikia, kwa sababu nia ya kisiasa haigeuzi sebule ya mtu kuwa mahali pa biashara.

Shauri ninalolipenda kuliko yote ni la Bond, 2014. Mwanamke mmoja wa Pennsylvania, mtaalamu wa vijidudu, aligundua kwamba rafiki yake ana mimba ya mumewe. Akachukua kemikali yenye aseniki kazini kwake, nyingine akaagiza kwa mtandao, akawa anazipaka kwenye sanduku la barua, mlango wa gari na kitasa cha nyumba ya mwenzake. Mara nyingi yule mwenzake aliziona na kuzikwepa. Mara moja tu aliungua kidogo kidole gumba, akakisuuza kwa maji. Polisi wa mtaa hawakulivalia njuga, lakini wapelelezi wa posta wakaweka kamera na kumnasa, na Washington ikamshtaki kwa sheria iliyotungwa kutekeleza mkataba wa kimataifa wa silaha za kemikali. Mahakama ya Juu ilifuta hatia hiyo, tena hakuna jaji aliyepinga matokeo. Jaji Mkuu Roberts aliandika kwamba sheria ya namna hiyo haiwezi kusomwa kana kwamba Bunge lilikusudia kuingilia ugomvi wa mapenzi wa mtaani bila kusema hivyo waziwazi.

Jimbo: halihitaji kiungo, ila linavutwa

Upande wa pili mambo ni mepesi. Jimbo halidaiwi kiungo chochote. Mauaji yametokea ndani ya mipaka yake, basi. Na baada ya Septemba 2001 majimbo mengi yalitunga makosa kamili ya ugaidi, yenye adhabu. New York ilisaini sheria yake siku sita tu baada ya majengo pacha kuanguka, na maneno yake yanafanana mno na ya Washington: kuwatisha raia, kuibana serikali.

Haraka ile ilikuja kudai gharama. Mwaka 2002 genge la Bronx lilifyatua risasi kwenye sherehe ya ubatizo, likamuua mtoto wa kike wa miaka 10. Waendesha mashtaka walisema kuwatisha wanachama wa magenge pinzani ni kuwatisha raia, hivyo ni ugaidi. Desemba 2012 mahakama ya rufaa ya juu kabisa ya jimbo ilikataa na kuagiza kesi isikilizwe upya, ikionya kwamba neno hilo likitumiwa ovyo litapoteza uzito wake. Na kulikuwa na madhara ya moja kwa moja: shtaka la ugaidi lilikuwa limefungua mlango kwa ushahidi wa uhalifu mwingine chungu nzima wa genge lile, ambao katika kesi ya mauaji ya kawaida juri isingeusikia.

Septemba 2025 hadithi ilijirudia katika kesi ya Luigi Mangione, anayekana kumuua Brian Thompson, mkuu wa UnitedHealthcare, mjini New York Desemba 2024. Jaji Gregory Carro wa mahakama ya jimbo alifuta mashtaka yaliyobebwa na ugaidi, akayaacha ya mauaji ya daraja la pili. Chuki dhidi ya kampuni ya bima, alisema, haithibitishi lengo la kuwatisha raia kwa jumla. Washington kwa upande wake ilijenga kiungo kwa njia ya kawaida kabisa: mshukiwa alidaiwa kusafiri kwa basi kutoka Atlanta, na alitumia simu na intaneti. Mwanafunzi anayetaka kuona tofauti ya mifumo hii aweke hati hizo mbili mezani. Ya jimbo inahangaika na kilichokuwa kichwani mwa mtu, ya Washington inahangaika na tiketi ya basi.

Lakini kuna majimbo ambako shtaka hili limekubalika hata bila siasa. Michigan, mvulana aliyewaua wanafunzi wanne katika shule ya Oxford mwaka 2021 alikiri, pamoja na mauaji, kosa la ugaidi uliosababisha kifo. Mwendesha mashtaka alisema waliotishwa ni mamia ya watoto waliojificha chini ya madawati, na wao ni raia pia. Hoja hii inanipa shida kuipinga, ingawa siipendi. Ikikubalika kila mahali, sijui ni mauaji gani ya halaiki yatakayobaki kuitwa mauaji tu.

Njama moja, mahakama mbili

Mfano bora wa kulinganisha uko Michigan hiyo hiyo. Mwaka 2020 kikundi cha wanaume waliokasirishwa na amri za korona kilipanga kumteka Gavana Gretchen Whitmer kutoka nyumba yake ya mapumziko. FBI walikuwa na watoa habari ndani tangu mapema. Walipokamatwa, waligawanywa mafungu mawili.

Fungu la kwanza lilikwenda mahakama ya serikali kuu, watu sita. Kosa lilikuwa njama ya utekaji, na kiungo kilikuwa mawasiliano ya simu na intaneti. Baadaye ikaongezwa njama ya kutumia silaha ya maangamizi, yaani bomu la kulipua daraja ili polisi wachelewe kufika. Wawili walikiri. Aprili 2022 juri iliwaachia wawili na ikashindwa kukubaliana kuhusu wawili waliobaki, huku utetezi ukisema FBI ndio waliowasukuma. Kesi ikarudiwa, na Agosti wakatiwa hatiani. Adam Fox alipata miaka 16, na Barry Croft miaka 19 na ushee.

Fungu la pili, watu wanane, walikwenda mahakama za jimbo. Huko kosa liliitwa kwa jina lake, kusaidia kitendo cha ugaidi. Watatu wa kaunti ya Jackson, ambako kikundi kilifanyia mazoezi ya silaha, walitiwa hatiani Oktoba 2022. Adhabu zao za chini zilikuwa miaka 7, 10 na 12. Wawili walikiri. Watatu waliobaki, katika kaunti ya Antrim iliko nyumba ya gavana, waliachiwa huru Septemba 2023.

Nimeyapitia matokeo haya mara nyingi na sioni kwamba neno ugaidi liliipa serikali nguvu ya ziada mbele ya juri. Liliirahisishia kuwafikia watu wa pembezoni, wale waliotoa uwanja na mafunzo bila kuwa na sehemu kwenye mpango wenyewe. Adhabu nzito zaidi zilitoka upande ambao halikuwemo kwenye mashtaka.

Pia si lazima kuchagua moja. Tangu zamani, na tena mwaka 2019 katika shauri la Gamble, Mahakama ya Juu imesema Washington na jimbo ni mamlaka mbili, na kila moja inaweza kushtaki kwa tendo moja. Bomu la Oklahoma City la tarehe 19 Aprili 1995 liliua watu 168, lakini mashtaka ya mauaji mbele ya mahakama ya serikali kuu yalihusu maofisa wake wa usalama wanane tu, kwa kuwa kumuua mtumishi wa namna hiyo kazini ni kosa lake. Terry Nichols, mmoja wa wahusika wa bomu hilo, alipookoka adhabu ya kifo huko, jimbo la Oklahoma lilimshtaki upya, na mwaka 2004 akatiwa hatiani kwa mauaji 161, ya watu 160 waliobaki na ya mtoto mmoja aliyekuwa bado tumboni. Alipata vifungo vya maisha 161, juu ya kile alichokuwa nacho.

Nairobi na Dar es Salaam

Kwa mashambulio ya nje ya nchi majimbo hayana la kusema, na kiungo cha Washington ni kinene. Agosti 7, 1998 mabomu kwenye balozi zake Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu 213 na 11. Jengo la ubalozi, maofisa wake na raia 12 wa Marekani waliokufa vilitosha kuileta kesi Manhattan. Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani alishtakiwa huko kwa makosa zaidi ya 280, yakiwemo mauaji 224, Wakenya na Watanzania ndani yake. Kwa bomu la Oklahoma, katikati ya Marekani, mashtaka ya mauaji ya serikali kuu yalikuwa manane tu. Novemba 2010 juri ilimwona ana hatia kwa kosa moja tu, njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Jaji alikuwa amemzuia shahidi Mtanzania aliyedaiwa kumuuzia vilipuzi, kwa sababu habari zake zilipatikana kwa mahojiano ya kulazimisha ya CIA. Kosa hilo moja lilitosha kumpa kifungo cha maisha.

Uchague lipi

Mwandishi wa habari, subiri namba ya kifungu. Ukiona 2339B kuna kundi la kigeni. Ukiona 2332a ni silaha ya maangamizi, na usishtuke, bomu la kutengeneza nyumbani linahesabika. Ukiona ugaidi wenyewe umeandikwa kama kosa lililotendwa na Mmarekani dhidi ya Wamarekani, karibu hakika uko mahakama ya jimbo. Mwanafunzi wa mamlaka ya mahakama achukue Bond na Jones. Wa tafsiri ya nia achukue kesi ya Bronx na ya Mangione.

Kwa anayetunga sheria, mimi nachagua mtindo wa Washington kwa matendo ya ndani: shtaki bomu, shtaki utekaji, na nia ya kigaidi ipimwe na jaji wakati wa adhabu. Orodha yao ya makundi ya kigeni tu siichukui. Huku kwetu tumefuata mtindo wa majimbo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya Tanzania ya 2002 na ya Kenya ya 2012 zimeufanya ugaidi kuwa kosa kamili lenye maana pana. Tanzania, Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema, alikaa mahabusu kwa mashtaka ya ugaidi tangu Julai 2021 mpaka DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, alipoyafuta Machi 2022, na masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa miaka mingi zaidi Bara kabla ya kuachiwa Juni 2021. Kenya, vijana waliokamatwa baada ya maandamano ya Juni 2025 walipelekwa Mahakama ya Kahawa, inayosikiliza kesi za ugaidi, kwa mashtaka hayo hayo, ingawa sheria yao inasema kitendo kinachovuruga huduma wakati wa maandamano au mgomo si ugaidi maadamu hakikukusudiwa kudhuru. Kipengele hicho ningekibakiza, ila ningekiongezea sharti: upande wa mashtaka uthibitishe kusudio la kudhuru mbele ya hakimu kabla hati ya ugaidi haijasomwa, na ukishindwa, mshtakiwa ajibu kosa la kawaida na apewe dhamana siku hiyo hiyo.